Sheria yabisha hodi WhatsApp

*Kwa zaidi ya miaka 25, wenye mitandao mikubwa ya ujumbe wamewafungia nje wapinzani wao. Sasa Umoja wa Ulaya umewalazimisha kufungua, lakini baadhi ya waliotarajiwa kuingia wamekataa mwaliko.*

Na Mwandishi Wetu

Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, ilipokaribia saa 12:40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, ujumbe wa WhatsApp uliacha kwenda. Pale ambapo mtumaji amezoea kuona tiki moja, kisha mbili, palibaki alama ndogo ya saa, ishara kwamba ujumbe haujatoka kwenye simu. Facebook na Instagram nazo zilikuwa zimezimika.

Hawakuwa wadukuzi. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data vya kampuni ya Facebook duniani kote, na njia za kuzifikia seva zake zikatoweka kwenye intaneti. Mafundi walilazimika kwenda wenyewe kwenye vituo hivyo. Huduma zilianza kurejea baada ya takribani saa sita.

Muda wote huo barua pepe ziliendelea kwenda na kurudi. SMS pia. Telegram, kwa maelezo ya mwanzilishi wake Pavel Durov, ilipokea watumiaji wapya zaidi ya milioni 70 siku hiyo moja. Hata hivyo, aliyehamia Telegram hakuweza kumfikia ndugu au mteja aliyebaki WhatsApp, kwa kuwa mitandao hiyo miwili haijuani.

Kutojuana huko si kasoro ya kiufundi. Ni uamuzi wa kibiashara wenye historia ndefu, na tangu mwaka 2024 ni suala la kisheria katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya.

Mtandao wenye mwenyewe na usio na mwenyewe

Barua pepe ndiyo mfano mkongwe wa mtandao wazi. Mwenye anwani ya Gmail humwandikia mwenye anwani ya Yahoo, ya chuo kikuu au ya wizara, na hakuna anayeuliza barua itavukaje. Seva zote hufuata itifaki moja ya kupelekeana barua, SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982. Yeyote mwenye seva anaweza kujiunga bila kuomba ruhusa kwa mshindani wake.

SMS nayo huvuka kutoka kampuni moja ya simu hadi nyingine, kwa kuwa kampuni hizo zina viwango vya pamoja na mikataba ya kuunganishiana mitandao.

WhatsApp, iMessage, Telegram na Signal ni mitandao iliyofungwa. Akaunti zimo kwenye seva za mmiliki mmoja, na ujumbe haupelekwi kwa asiye na akaunti hapo. Mara nyingi hata programu ya kusomea ujumbe lazima iwe ya mmiliki huyo. Waliopakua GBWhatsApp na matoleo mengine yasiyo rasmi ili wapate vipengele vya ziada wanalijua hilo, kwani WhatsApp huwafungia akaunti.

Nguvu ya mtandao wa namna hii ni umati wake. Watu 10 wakiwa katika mtandao mmoja, kuna jozi 45 zinazoweza kuwasiliana. Wakiwa 100, jozi zinafika 4,950. Mtandao ukiongezeka mara kumi, mawasiliano yanayowezekana ndani yake huongezeka zaidi ya mara mia. Ndiyo maana programu mpya iliyo bora zaidi hushindwa na ya zamani ambayo kila mtu tayari anayo.

Barua pepe yenyewe haikuzaliwa wazi kwa wote. Katika miaka ya 1980 huduma za kibiashara kama MCI Mail na CompuServe zilikuwa kila moja na wateja wake na anwani zake. Ziliunganishwa na intaneti mwaka 1989, na katika miaka iliyofuata wateja wakaizoea anwani moja inayofika popote. Wengi walidhani ujumbe wa papo kwa papo ungepita njia hiyohiyo.

> Mtandao ukiongezeka mara kumi, mawasiliano yanayowezekana ndani yake huongezeka zaidi ya mara mia.

Vita vya mwaka 1999

Ujumbe wa papo kwa papo uliingia kwa umma Novemba 1996, vijana wa Israeli wenye kampuni ya Mirabilis walipotoa programu iitwayo ICQ. Mwaka uliofuata kampuni ya Marekani ya AOL ilileta AIM, na mwaka 1998 ikainunua Mirabilis kwa Dola milioni 287 za Marekani. AOL ikawa na mitandao miwili mikubwa mkononi.

Julai 1999 Microsoft ilitoa MSN Messenger. Programu hiyo ilikuwa na kipengele ambacho AOL haikukitarajia: mtumiaji aliweza kuingiza jina na nywila yake ya AIM, akachati na marafiki zake wa AOL akiwa ndani ya programu ya Microsoft. Wahandisi wa Microsoft walikuwa wamechunguza jinsi AIM inavyozungumza na seva zake, kisha wakaiga.

AOL iliziba njia hiyo mara moja. Microsoft ikatoa toleo jipya lililopenya tena, AOL ikabadilisha seva, Microsoft ikarekebisha. Mchezo huo uliendelea kwa wiki kadhaa.

Hatimaye AOL ilitumia mbinu ya ajabu. Programu ya AIM ilikuwa na kasoro ya kiusalama iliyoruhusu data ndefu kupita kiasi kumwagika nje ya nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kutekelezwa kama amri. Badala ya kuiziba, seva za AOL zilituma data ya namna hiyo makusudi na kusubiri jibu. AIM halisi, yenye kasoro, ilijibu ipasavyo. Programu ya Microsoft, isiyokuwa na kasoro hiyo, ilishindwa na kutambulika. Microsoft ikakunja jamvi.

Serikali ya Marekani ilipata nafasi ya kuingilia kati Januari 2001, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilipoidhinisha AOL kuungana na Time Warner. Tume iliweka sharti kwamba AOL isitoe huduma za juu za ujumbe, kama za video, kupitia nyaya za Time Warner kabla ya kufungulia mitandao mingine. Ujumbe wa maandishi, ambao ndio uliokuwa na watu, haukuguswa. Sharti liliondolewa mwaka 2003.

Oktoba 2005 Microsoft na Yahoo, zote zikiwa nyuma ya AOL nchini Marekani, zilitangaza kuunganisha mitandao yao, na mwaka uliofuata watumiaji wakaanza kuwasiliana. Zilizojiunga zilikuwa zile zilizohitaji umati zaidi. Mwenye umati alikuwa akijitegemea.

Jabber na ahadi ya Google

Mwaka huohuo wa vita, Januari 1999, Mmarekani Jeremie Miller alitangaza mradi wa Jabber. Lengo lilikuwa kuufanya ujumbe wa papo kwa papo ufanane na barua pepe: kila taasisi iwe na seva yake, anwani ziwe na umbo la jina na mahali, na seva zipelekeane ujumbe zenyewe.

Lugha ya Jabber ilipewa jina la XMPP na mwaka 2004 ikachapishwa na jopo la wahandisi wa intaneti, IETF, kama kiwango cha wazi. Tangu hapo hakuna kampuni iliyoweza kudai kwamba haina namna ya kuunganisha mtandao wake na wa mwingine.

Google ilikuja na Google Talk Agosti 2005, ikitumia XMPP. Januari 2006 ilifungua seva zake, na mtu mwenye Gmail akaweza kuchati na mtu mwenye seva ndogo ya Jabber chuoni kwake. Facebook nayo ilitoa mwanya wa XMPP mwaka 2010, ingawa ulikuwa wa kuingilia kwa programu nyingine tu, si wa kuunganisha seva na seva.

Uwazi huo haukudumu. Mei 2013 Google ilitangaza Hangouts, huduma mpya isiyounganika na seva za nje. Wakati huo kampuni ilikuwa imekabiliwa na wimbi la maombi taka ya urafiki kutoka seva za nje. Kulikuwa pia na lalamiko la kibiashara: mkuu wa Google, Larry Page, alisema hadharani kwamba Microsoft iliwaruhusu watumiaji wake kuwafikia wa Google bila kuruhusu upande wa pili. Facebook nayo iliufunga mwanya wake ndani ya miaka miwili iliyofuata.

> Tangu mwaka 2004 kiwango cha wazi kipo. Kilichokosekana ni sababu ya mwenye umati kukitumia.

Simu zaja, ukuta wapanda

WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, waliowahi kufanya kazi Yahoo. Kwa ndani ilitumia XMPP iliyorekebishwa na kupunguzwa uzito. Kwa nje haikuunganika na yeyote. Hata jina la akaunti halikuhitajika, kwa sababu programu ilichukua namba ya simu na kusoma orodha ya majina iliyomo kwenye simu, ikaonyesha papo hapo nani tayari amejiunga.

Mbinu hiyo iliondoa kazi ngumu ya kutafuta marafiki upya. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014, kwa Dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 kwa mwezi na wafanyakazi 55. Mwaka 2025 watumiaji wake walivuka bilioni 3 kwa mwezi.

Afrika Mashariki, bei ya intaneti iliongeza kimo cha ukuta. Kampuni za simu huuza bando la WhatsApp au la mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kuliko bando la kawaida. Mwenye bando hilo hawezi kuijaribu programu ya ujumbe isiyomo humo bila kulipia data upya. Makundi ya vicoba, ya wazazi wa darasa na ya kamati za harusi yakahamia huko, na asiye na WhatsApp akawa wa kupelekewa taarifa na wenzake.

Marekani, ukuta maarufu ni wa Apple. Desemba 2023 kampuni ndogo iitwayo Beeper ilitoa programu iliyowawezesha wenye simu za Android kutuma ujumbe ndani ya iMessage, baada ya mfumo huo kuchunguzwa na kuigwa. Apple iliifungia ndani ya siku chache, ikitaja usalama wa wateja wake. Beeper ilirekebisha, Apple ikafunga tena, na kabla mwezi haujaisha Beeper ilikuwa imeacha mbio. Mambo ya 1999 yalijirudia karibu hatua kwa hatua.

Safari hii Apple ililegeza upande mmoja. Kuanzia Septemba 2024 simu zake zinapokea RCS, kiwango cha kampuni za simu kilichokuja kuchukua nafasi ya SMS, hivyo picha na video kati ya iPhone na Android hazipotezi ubora kama zamani. iMessage yenyewe ilibaki imefungwa.

Brussels yaingilia kati

Umoja wa Ulaya ulichagua njia ambayo Marekani haikuithubutu. Sheria ya Masoko ya Kidijitali, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaja kampuni kubwa kuwa “walinda lango” na kuzipa wajibu maalumu. Miongoni mwa vigezo ni huduma kuwa na watumiaji wasiopungua milioni 45 kwa mwezi na wafanyabiashara 10,000 kwa mwaka ndani ya umoja huo.

Septemba 2023 Tume ya Ulaya iliziweka WhatsApp na Messenger, zote za Meta, jina la sasa la kampuni ya Facebook, katika orodha hiyo. iMessage ya Apple ilinusurika: Februari 2024 tume iliamua kwamba si lango muhimu la wafanyabiashara kuwafikia wateja barani humo.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ndicho kinachohusu ujumbe. Mtoa huduma mdogo akiomba kuunganishwa, mlinda lango ana miezi mitatu ya kutekeleza ombi lililo halali. Hatozi ada kwa muunganisho huo. Kiwango cha usalama alichokuwa akiwapa wateja wake, pamoja na usimbaji fiche unaofanya ujumbe usomwe na wahusika tu, hakiruhusiwi kushuka.

Wajibu umepangwa kwa hatua:

• Mwanzo: ujumbe wa maandishi, picha, sauti, video na mafaili kati ya mtu na mtu.

• Ndani ya miaka miwili tangu kutajwa: ujumbe wa makundi.

• Ndani ya miaka minne: simu za sauti na za video, yaani ifikapo Septemba 2027.

Anayekiuka sheria anaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, na hadi asilimia 20 akirudia kosa.

Mlango ulivyofunguliwa

Machi 2024 Meta ilichapisha masharti ya kuunganishwa. Anayetaka kuingia husaini mkataba, kisha programu yake hujiunga na seva za WhatsApp kwa kutumia lugha ya WhatsApp, ambayo msingi wake ni ileile XMPP ya Jabber. Ujumbe hufungwa kwa itifaki ya Signal, ambayo WhatsApp inaitumia, au kwa nyingine ambayo mwombaji atathibitisha kuwa ina usalama ulio sawa.

Utaratibu huo haufanani na wa barua pepe. Katika barua pepe seva zote zina hadhi moja, na seva yoyote huzungumza na yoyote. Kwa Meta, WhatsApp inabaki kitovu na wengine wanachomekwa pembeni kwa masharti yake. Programu mbili ndogo zilizounganishwa na WhatsApp hazijaunganishwa zenyewe kwa zenyewe.

Novemba 2025 Meta ilitangaza wa kwanza kuingia: BirdyChat na Haiket, programu mbili ambazo wengi hawakuwa wamezisikia. Mtumiaji wa WhatsApp hapati ujumbe kutoka huko mpaka akubali mwenyewe kwenye mipangilio ya simu yake. Akikubali, anaweza kuchagua ujumbe wa nje uchanganywe na wa kawaida au uwekwe katika kisanduku chake. Huduma ipo kwenye simu za Android na iPhone pekee, si kwenye kompyuta.

Isitoshe, imewekewa mpaka. Ni kwa watumiaji walio katika eneo la Ulaya tu. Mtanzania au Mkenya anayeishi Brussels anaweza kuwashiwa kipengele hicho, lakini nduguye wa Mwanza au Kisumu hakioni kwenye simu yake.

Wanaokataa mwaliko

Signal na Threema, programu zinazosifika kwa kulinda faragha, zilitarajiwa kuwa za kwanza kunufaika. Zote mbili zilisema hazitajiunga.

Hoja yao haihusu maandishi yenyewe, kwani hayo husimbwa fiche kutoka simu hadi simu. Wanachohofia ni taarifa zinazouzunguka ujumbe: nani amemwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, akiwa kwenye mtandao gani. Signal imejengwa ili ihifadhi taarifa hizo kidogo kadiri inavyowezekana. Ikiunganishwa na Meta, sehemu yake itapita kwenye seva za kampuni ambayo biashara yake kuu ni matangazo.

Kuna hoja ya pili, ya zamani zaidi. Mwanzilishi wa Signal, Moxie Marlinspike, aliandika mwaka 2016 kwamba mitandao wazi hubadilika polepole mno, kwa sababu kila badiliko linahitaji kukubaliwa na programu na seva nyingi zisizo na bosi mmoja. Barua pepe inampa ushahidi: teknolojia ya kuisimba, PGP, ilikuwapo tangu 1991, na bado barua nyingi husafiri zikiwa zinasomeka na seva zinazozipitisha. WhatsApp, iliyofungwa, iliwasimbia ujumbe watu zaidi ya bilioni moja mwaka 2016 kwa uamuzi wa kampuni moja.

Usumbufu wa matapeli ni hoja ya tatu. SMS iko wazi, na kila mwenye simu Tanzania anaujua ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Mtandao uliofungwa humfukuza tapeli kwa kufuta akaunti yake. Ulio wazi hutegemea kila mwenye seva asafishe nyumba yake, na Google ilitoa sababu ya aina hiyo ilipowawekea vizuizi watu wa seva za nje mwaka 2013.

> WhatsApp, iliyofungwa, iliwasimbia ujumbe watu zaidi ya bilioni moja kwa uamuzi wa kampuni moja.

Watetezi wa uwazi hujibu kwamba faragha inayotegemea uamuzi wa kampuni moja inaweza kubatilishwa na kampuni hiyohiyo. Mapema mwaka 2021 WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya matumizi ya data, mamilioni ya watu walipakua Signal na Telegram, kisha wengi wakabaki na programu mbili au tatu kwa kuwa wenzao hawakuhama. Katika mtandao wazi, mteja anayechukizwa na mwenye seva huhamia seva nyingine bila kuwapoteza watu wake.

Kuhusu usimbaji, kazi imesonga. Julai 2023 IETF ilichapisha MLS, kiwango cha wazi cha kusimba ujumbe wa makundi, kilichoundwa ili makundi makubwa yabadilishe funguo bila kuzielemea simu. Kiwango hicho sasa kimo katika toleo jipya la RCS lililotangazwa na umoja wa kampuni za simu mwaka 2025. Hoja kwamba uwazi na usiri havikai pamoja imepungua uzito, ingawa taarifa za nani kamwandikia nani bado hazina dawa kamili.

Serikali zenye seva zao

Wengine hawakusubiri milango ya wakubwa ifunguliwe. Matrix, mradi ulioanza mwaka 2014 ukiongozwa na Matthew Hodgson na Amandine Le Pape, ni mtandao wazi kabisa: kila taasisi huendesha seva, na mazungumzo hunakiliwa kwenye seva zote ambazo watu wake wanashiriki. Seva moja ikizimika, wa seva nyingine huendelea kuzungumza.

Wateja wake wakubwa wamekuwa serikali. Ufaransa ilizindua Tchap kwa watumishi wa umma mwaka 2019, na jeshi la Ujerumani lina BwMessenger. Sababu inayotajwa ni moja: mazungumzo ya dola yasikae kwenye seva za kampuni ya nchi nyingine.

Kuwa na seva hakumalizi kazi. Tchap ilikusudiwa kwa wenye barua pepe za serikali tu. Mara tu ilipozinduliwa, mtafiti mmoja wa usalama aliandika anwani yenye zaidi ya alama moja ya @ ndani yake. Mfumo ukasoma mwisho wa anwani, ukaona ni ya serikali, lakini ujumbe wa uthibitisho ukaenda kwenye sanduku lake binafsi. Akaingia. Kasoro ilizibwa ndani ya saa chache, na somo likabaki kwamba mwenye seva anahitaji mafundi wa kuilinda kila siku. Taasisi nyingi hazina mafundi hao.

Fedha za simu zilitangulia

Afrika Mashariki haina haja ya kungoja Ulaya ili kujua kinachotokea mitandao iliyofungwa inapounganishwa. Imekwisha kuyaona hayo kwenye fedha.

Miaka ya mwanzo ya M-Pesa na wenzake, pochi ya mtandao mmoja haikuingiza fedha kwenye pochi ya mwingine. Mteja wa M-Pesa Kenya akimtumia fedha mtu wa mtandao mwingine, mpokeaji alipata SMS yenye namba maalumu. Ilimbidi amtafute wakala wa M-Pesa, aonyeshe namba hiyo, achukue fedha taslimu. Zikipita siku saba, fedha zilirudi kwa mtumaji, ambaye alikuwa amekatwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Ndiyo maana wengi walitembea na laini mbili au tatu.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kulimaliza tatizo hilo. Tigo, Airtel na Zantel zilifikia makubaliano mwaka 2014. Vodacom, yenye wateja wengi zaidi, ilijiunga mwaka 2016. Kenya ilifuata mwaka 2018, ambapo pochi za M-Pesa, Airtel Money na T-Kash zilianza kutumiana fedha moja kwa moja.

Mpangilio wa majina unafanana na wa ujumbe: wadogo walitangulia, mkubwa akaja nyuma. Tofauti ni mbili. Kwanza, kampuni za simu zina leseni za ndani na msimamizi anayezijua kwa majina, wakati Meta na Apple ni kampuni za nje. Pili, kila muamala wa fedha una ada ambayo pande mbili zinaweza kugawana. Ujumbe wa WhatsApp kati ya watu binafsi hautozwi, hivyo hakuna mapato ya kumshawishi mkubwa afungue kwa hiari.

Uzoefu wa Kenya una onyo pia. Miaka kadhaa baada ya kuunganishwa, M-Pesa iliendelea kushika sehemu kubwa mno ya soko. Kuunganisha pochi hakukuwagusa mawakala, malipo ya dukani wala mikopo, mambo ambayo mteja aliyazoea kwa mkubwa.

Yanayosubiriwa

Kwa ujumbe, mizani iko kwenye hatua zilizobaki za sheria ya Ulaya. Mazungumzo ya watu wawili ni sehemu ndogo ya kinachowashikilia watu WhatsApp. Makundi ndiyo yanayomzuia mtu kuhama, kwani kundi la watu 200 haliwezi kuhamishwa na mmoja wao. Muda wa kisheria wa makundi ulifika Septemba 2025, na Meta imesema makundi yenye watu wa nje yatapatikana washirika wake watakapokuwa tayari kuyahudumia.

Swali la pili ni la hiari. Kwa kuwa kila mtumiaji lazima akiwashe kipengele mwenyewe, mwenye programu ndogo hawezi kuwaahidi wateja wake kwamba watamfikia kila mtu aliye WhatsApp. Atawafikia waliokubali. Wasipokubali wengi, mlango utakuwa wazi kisheria na mtupu kimatumizi.

La tatu ni la mipaka. Meta inaonyesha Ulaya kwamba teknolojia ya kuunganisha ipo na inafanya kazi, na kwamba inaweza kuwashwa nchi moja na kuzimwa nyingine. Wasimamizi wa mawasiliano Afrika wakitaka wananchi wao wapate haki hiyohiyo, hoja ya kwamba haiwezekani kiufundi haipo tena. Inabaki hoja ya uzito wa soko: Umoja wa Ulaya una nchi 27 na sheria moja yenye faini inayouma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane, kila moja na msimamizi wake.

Historia kuanzia AIM hadi Google Talk inaonyesha pia kwamba kufungua si tukio la siku moja. Google ilifungua mwaka 2006 na ikaanza kufunga mwaka 2013, bila kuvunja sheria yoyote, kwa kuwa hakukuwa na sheria ya kuvunja. Safari hii ipo, na mtihani wake mkubwa unaofuata ni Septemba 2027, wakati simu za sauti na za video zinapotakiwa kuvuka kutoka programu moja hadi nyingine.